Mzigo wa Bi Rukia

Salma alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele. "Shangazi," akasema, "Mjomba Idi ametutoka. Tunazika leo baada ya adhuhuri." Nikampa pole, nikaiweka simu, nikarudi kwenye ungo nikachambua mpaka mchele ukaisha, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya kwa mikono yangu. Ninaishi mtaa wa Fedha siku hizi, kwa binti yangu, na majirani huniita Mheshimiwa, wengine kwa heshima na wengine kwa utani, kwa kuwa niliwahi kuwa diwani wa huku Eastlands, na kabla ya hapo nilikuwa karani wa watu walioumizwa na bomu. Wakiniuliza niliingiaje katika kazi hiyo, huwa nasema niliumia, nikapona, nikaona nisaidie wenzangu. Si uongo, lakini si yote. Waliojua yote walikuwa wachache, na Idi ndiye aliyekuwa wa mwisho. Sasa hayupo wa kunisahihisha nikijipamba, kwa hiyo nitajichunga mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilifunga peremende katika kiwanda kimoja cha Industrial Area na nilipanga chumba Ziwani, chumba ambacho ukiketi kitandani unafika dirishani bila kuinuka. Jiko lilikuwa la watu wote, kuta zake nyeusi kwa masizi, na kila mpangaji alikuwa na pembe yake na kufuli yake. Ukuta wa kati yangu na Bi Rukia haukufika darini. Harufu ya iliki ilipita juu yake, na maneno pia, hata nilijua kwa pumzi zake kwamba ameanza kukanda unga wa mahamri. Bi Rukia alikuwa mama wa watu, mjane, mnene, na Kiswahili chake cha Pwani kilitufanya sisi tuliotoka Murang'a na Nyeri tuonekane tunatafuna mawe. Mwanawe Idi alitengeneza redio barazani. Meza yake ilijaa redio zilizopasuliwa matumbo, nyaya, betri na saa mbovu ambazo watu walimletea kwa sababu waliona anayejua redio hawezi kushindwa na saa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimu, alikujibu bila kuinua macho.

Siku zile mtu hakusafiri na safari yake peke yake. Ukionekana umeanika nguo nzuri siku ya Ijumaa, watu walijua kesho unakwenda kwenu, na kufikia jioni walikuwa wamekuja na vifurushi: hiki mpe fulani, hiki mwachie mwenye duka pale stendi, atajua. Ulipokea. Hukuuliza kuna nini ndani. Kuuliza kilichomo ilikuwa sawa na kumwambia mtu usoni kwamba humwamini, na hata aliyebeba kisichomhusu alikibeba kwa heshima kama chake. Mimi nilikuwa nakwenda nyumbani kupitia Thika, na Thika alikuwako Zuhura, binti wa Bi Rukia, aliyekuwa amejifungua wiki ile. Mzigo uliletwa na Idi mwenyewe. Ulikuwa umeshonewa katika kitambaa cha gunia la unga na kufungwa kwa kamba ya katani, mrefu kama mtoto aliyeketi, na mzito kuliko ulivyoonekana.

"Usiulaze, Wambui," akasema. "Usimame hivyo hivyo mpaka Thika."

"Kwani umenipa mayai?"

"Amekupa mzigo," akasema Bi Rukia kutoka mlangoni, tukacheka wote, hata Idi.

Kesho yake bomu lililipuka ndani ya basi pale stendi. Nilichoona sitakiandika. Walioona wanajua, na ambao hawakuona hawatafaidika. Nitasema tu kile nilichokumbuka nilipozinduka hospitalini, kwa kuwa mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo. Nilikumbuka kiti cha kijani, cha tatu kutoka mbele. Nilikumbuka nimeingiza mzigo wa Bi Rukia chini yake, umesimama, kisha nikashuka kumnunulia mama mkate. Nilikuwa nauona mzigo ule chini ya kiti kama ninavyoiona karatasi hii. Nilishuka, na nilipotoka dukani na mkate, basi likapasuka.

Nililala hospitalini muda mrefu, vigae vya kioo vikitolewa mguuni na mgongoni, vingine vikiachwa kwa sababu daktari alisema vitatoka vyenyewe. Wadi ilikuwa na vitanda vingi kuliko nafasi, na wanawake wawili walilala sakafuni kati yetu. Bi Rukia alikuja kila alasiri na uji wa wimbi ndani ya chupa ya chai, akaketi, akanisuka nywele upande usio na bandeji. Aliniambia habari za mtaa, nani amegombana na nani bombani. Hakuniuliza habari ya mzigo hata siku moja. Mwanzoni niliona ni upole. Kisha nikalala nikitazama dari na kujiuliza: mtu aliyepotelewa na mzigo hauulizii mzigo wake? Wazo likiingia kichwa kilicholala kitandani mchana kutwa halitoki. Nikakumbuka nyaya. Nikakumbuka saa mbovu. Nikakumbuka "usiulaze." Siku iliyofuata uji ulipokuja, nilimsubiri Bi Rukia aondoke, nikampa mwanamke wa sakafuni.

Askari kanzu alikuja wadini mara mbili, mtu mpole aliyevaa koti la kahawia, akavuta kiti kana kwamba ni mjomba wangu. "Mwanangu, kuna mtu alikupa kitu umbebee siku ile?" Nikasema hapana. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa namlinda Bi Rukia. Nilikuwa najilinda mwenyewe. Nilijua kwamba kama bomu lilikuwa kwenye mzigo, basi aliyelipandisha basini ni mimi.

Niliporudi Ziwani nilikuwa mtu mwingine. Kiwandani waliniambia mikono inayotetemeka haifungi peremende. Basi nilishinda chumbani, nikisikiliza. Nilijifunza kutofautisha sauti ya koleo ya Idi na ya bisibisi. Mtu mgeni akija kuchukua redio, nilichungulia dirishani nikaangalia viatu vyake. Nilikuwa nimelala hivyo mchana mmoja, jiko likiwa kimya, niliposikia Bi Rukia akisema upande wa pili, kwa sauti ya chini:

"Usimtajie ule mzigo."

"Na akiuliza?" akasema Idi.

"Akiuliza, mwambie hatuukumbuki. Ni mzigo gani huo? Basi."

Kesho yake nilikwenda kituoni kwa miguu, nikichechemea, nikamtafuta yule mwenye koti la kahawia. Nilimwambia kila kitu: mzigo, katani, uzito, nyaya, maneno ya ukutani. Nilisema kwanza ili nisije nikasemwa. Hiyo ndiyo sababu, na sitaitafutia nyingine nzuri zaidi.

Walimchukua Idi barazani saa nne asubuhi, mbele ya watu wote, na wakazoa kila kilichokuwa mezani pake ndani ya gunia. Mtaa ulisimama kutazama, na nakumbuka kwamba kelele ya kwanza haikuwa ya kumtetea. "Jamani, hiyo ya bluu ni yangu," alisema fundi mmoja wa viatu. "Nilileta kubadilishiwa betri tu." Mwenzake akamjibu, "Nyamaza wewe, nenda nayo kama unaipenda sana." Watu wakacheka kidogo, kisha wakatazama chini. Bi Rukia alisimama na unga mikononi. Hakulia. Jioni ile aliniletea chapati mbili kwenye sahani, kama kawaida yake tangu nilipotoka hospitali, na mimi nikala. Sahani nikairudisha tupu. Ziwani sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama huna kitu unaweka chumvi au kipande cha sukari guru. Niliirudisha tupu na kuosha nimeiosha. Na lazima niseme hili pia: wiki ile nililala vizuri.

Idi alirudi baada ya wiki sita. Hawakumkuta na kosa, na hawakumwambia samahani. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki. Redio hazikurudi, na wenye redio wakamdai kana kwamba ndiye aliyezipeleka. Watoto walianza kupiga "bum" wakipita barazani. Akina mama waliacha kununua mahamri, si kwa siku moja, mmoja mmoja tu, mpaka Bi Rukia akawa anarudi nyumbani na beseni lililojaa. Wakahamia Majengo. Nilisimama dirishani nikawatazama wakipakia mkokoteni, nikajiambia kwamba mtu asiye na hatia hahami.

Mkutano wa walioumia uliitwa kwenye ukumbi wa mtaa karibu na mwisho wa mwaka. Nimesoma mahali fulani watu wakinisifu kwamba nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Ni kweli nilifika mapema. Nilikwenda kutazama nyuso. Nilitaka kujua kama kuna mwingine aliyebeba mzigo. Aliyeita mkutano alikuwa muuza machungwa wa stendi, Mama Kamene, Mkamba mrefu mkavu ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii tena, kwa hiyo alizungumza kwa nguvu kana kwamba sote tulikuwa viziwi. Alikuwa na dai moja. Kila tukienda hospitali kutolewa kioo, tunapanga foleni upya na wenye mafua, na karani anatuuliza upya tuliumia wapi. "Mimi nimechoka kusimulia," akasema. "Waandike majina yetu mara moja, tukifika wajue ni sisi." Wakauliza nani anajua kuandika vizuri. Nilikuwa nimefika darasa la saba. Nikapewa daftari.

Nilipokuwa nikiandika nilihisi Mama Kamene ananitazama. Kila nikiinua kichwa, macho yake yako kwangu. Nikawaza: huyu aliniona na mzigo. Watu walipotawanyika akaja akasimama mbele yangu.

"Wewe si ulikufa?"

"Mimi?"

"Msichana wa kitambaa cha manjano. Ulinunua machungwa mawili, ukasema, mama, nishikie mzigo huu, usiulaze, nikimbie nikanunue mkate kabla sijapanda. Nikauweka katikati ya masanduku yangu. Halafu ndiyo mambo yakawa yale. Nilikuona chini, wamekufunika shuka mpaka hapa." Akagusa paji la uso. "Nikasema, huyu amekwenda."

"Mzigo niliuweka chini ya kiti," nikasema. "Ndani ya basi."

"Kiti gani? Hukupanda basi."

"Cha kijani."

"Mwanangu, basi lile viti vyake vilikuwa vyekundu. Nimeliuzia machungwa miaka mitatu."

Juma lililofuata aliuleta, ameufunga mgongoni kwa kanga kama mtoto. Kitambaa kilikuwa kimeshika vumbi, lakini kamba ya katani ilikuwa haijaguswa. Nilimuuliza kwa nini hakuufungua miezi yote hiyo. Akashangaa. "Kitu cha maiti? Hufungui. Unangoja ndugu zake waje." Na kwa nini hakuupeleka polisi? "Nikawaambie nini? Hili hapa bomu lingine? Wangeanza na mimi."

Kamati tuliyoichagua mkutanoni ilikuwa ya watu saba, wote wa bomu, na mzigo ulipowekwa juu ya meza na nikaeleza ulivyotoka stendi, meza ilibaki na mzigo peke yake. Mzee mmoja mwenye mkongojo alifika mlangoni kabla yetu sote. Tuliubeba nje, yaani Mama Kamene aliubeba, akauweka kwenye nyasi kando ya bomba, nasi tukasimama nyuma ya ukuta tukichungulia. "Mnanichekesha," akasema, akakata katani kwa kisu chake cha machungwa. Akatoa debe dogo la samli. Akatoa nguo za mtoto, sita, zilizoshonwa kwa mkono. Akatoa kofia ndogo ya sufu, chupa ya mafuta ya habasoda, na redio ya kitoto, ndogo kama kitabu cha nyimbo, yenye kikaratasi cha Idi: *Zuhura, hii haina hitilafu tena. Mtoto azoee sauti za watu.* Debe lilikuwa na kifuniko kilicholegea. Ndiyo maana halikutakiwa kulazwa.

Nilikwenda Majengo siku hiyo hiyo, kwa sababu nilijua nikilala ningetafuta maneno. Bi Rukia alikuwa sakafuni anakanda unga. Akautazama mzigo, akautazama mshono wa mkono wake mwenyewe, akaendelea kukanda. Nilimweleza habari za Mama Kamene. Kisha nikasema, "Bi Rukia, aliyemtaja Idi ni mimi."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Walipoingia waliuliza mzigo wa Thika. Tulioujua tulikuwa watatu. Mimi sikusema, na Idi hakujisema." Akageuza unga. "Halafu ukaniletea sahani yangu tupu."

"Nilikusikia ukimwambia asinitajie mzigo."

"Ndiyo nilimwambia. Mtu ametolewa kwenye maiti, halafu tumuulize habari ya samli? Tungekuwa watu gani?" Sasa aliacha kukanda. "Usidhani mimi ni malaika, Wambui. Zile chapati za jioni ile nilizipika nikikuchukia. Nilikuletea kwa sababu ulikuwa mgonjwa, lakini nilikuchukia, na sijamaliza. Mwambie mwenyewe, yuko nje."

Idi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlango wa uani, hana meza. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Alinisikiliza bila kuinua macho, kama zamani, akisugua vile vidole viwili.

"Lilisimama?" akauliza.

"Nini?"

"Debe. Lilisimama?"

"Lilisimama," nikasema. "Halikumwagika hata tone."

Akatikisa kichwa kukubali.

Jumamosi iliyofuata nilifungua daftari mbele ya kamati na kuandika jina la Idi chini ya majina yetu. Yule mzee wa mkongojo akasoma juu ya bega langu. "Huyu hakuwa stendi."

"Hakuwa."

"Sasa anaingiaje kwenye orodha ya walioumizwa na bomu?"

Ningeweza kusema lolote. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Niliwaeleza, tangu kiti cha kijani mpaka sahani. Mwanamke mmoja aliinuka akatoka na hakurudi tena kwenye kamati. Mzee akasema, "Na sisi tumekupa majina yetu uyashike." Nikamwambia wanaweza kulichukua daftari. Walitazamana. Aliyelisukuma likarudi kwangu ni Mama Kamene, na alilisukuma kwa kisu, si kwa mkono, kana kwamba mimi nami nilikuwa mzigo ambao haujafunguliwa. "Aandike," akasema. "Huyu sasa ataogopa kukosea." Hospitali ilipokubali orodha yetu, Idi aliingia bila foleni pamoja nasi. Daktari alifaulu kukinyoosha kidole kimoja. Kingine kilikataa.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya umma, na zilizofuata zote zilitoka ndani yake. Miaka michache baadaye, nikiwa diwani, mji uliingiwa na hofu nyingine, na watu wakaanza kuja ofisini kwangu kuninong'oneza majina: yule wa nyumba ya pili ana wageni, yule anasikiliza stesheni za nje. Nilikuwa na sharti moja lililowaudhi sana. Nilisema, nenda kamlete, mketi hapa wote wawili, useme mbele yake. Wengi hawakurudi. Waliniita mjinga, na wengine wakasema nimenunuliwa. Mimi nilikuwa nawajua vizuri, kwa sababu kila mmoja aliingia na uso wangu wa siku ile nilipochechemea kituoni. Sikuwa mtu wa imani kubwa. Mpaka leo nikikaa kwenye chumba natafuta mlango uliko, na mtu akinifanyia wema najiuliza kwanza anataka nini. Sikupona ugonjwa huo. Nilichofanya ni kujinyima haki ya kuutumia kuhukumu watu.

Kwenye matanga ya Idi niliketi na wanawake ndani. Salma, binti wa Zuhura, mtoto wa zile nguo ambazo hazikumtosha tena zilipomfikia, sasa ni mwanamke mwenye mvi. Alitugawia pilau. Hakuna aliyenitaka niseme neno, nikashukuru. Nilipoinuka kuondoka akanifuata mlangoni na kitu kimefungwa ndani ya shuka, kizito, fundo juu.

"Shangazi, si unarudi Fedha? Kuna rafiki yake Mjomba pale, mgonjwa, hakuweza kuja. Mpelekee hiki, nitampigia atume mtu akupokee getini."

Nilipokea. Sikuuliza kuna nini ndani. Ningependa kuishia hapo, lakini nimeahidi kujichunga: mkono wangu ulikwenda wenyewe chini ya shuka ukapapasa, ukakuta joto na mduara wa sahani. Hata hivyo sikukifungua, na nilikibeba kimesimama mpaka Fedha.